Stakabadhi

Karibu Kabulihan. Peso mia, tafadhali.
Andika jina hapa, na nchi unakotoka.
Kalamu ikigoma itikise,
wino wake umeingia chumvi
kama kila kitu kisiwani.

Mimi naitwa Salvacion. Nakata stakabadhi
kwenye meza hii yenye mguu mmoja mfupi
nilioukingia ganda la kombe.
Napanga mapezi kwa namba za viatu,
nayatemea mate miwani ya wageni wasiojua
kuwa mate ndiyo dawa ya ukungu,
na narudia yaleyale hadi ulimi umekuwa na sugu:
usikanyage, usishike, usiokote hata ganda tupu.
Ganda tupu lina mwenyewe,
kaa fulani bado yuko njiani.

Hayo mafuta uliyojipaka, yaoshe.
Najua, jua ni kali. Jua letu tunalijua.
Vaa shati.

Unauliza kuna nini cha kuona.
Kuna kasa mwenye gamba lililopasuka,
tunamwita Meya kwa kuwa hampishi mtu.
Kuna pono, watafuna mawe mchana kutwa
kisha wakanya mchanga:
ufukwe ulioulalia jana ukisifu weupe wake
ni choo cha samaki, mgeni wangu.

Lakini ningekuomba usikilize.
Ukifika chini zuia pumzi kidogo.
Utasikia kama dagaa kwenye mafuta ya moto,
kama chumvi iliyorushwa kaani.
Ni vijikamba, vidogo kuliko ukucha,
vinaalisha vidole gizani.
Mwamba ulio hai una kelele za jiko la harusi.
Uliokufa ndio wenye adabu.

Yule anayekwangua boya ni baba, Eutiquio.
Usimwite, mguse bega.
Sikio la kushoto lilikwenda na chupa:
chupa ya soda, mbolea, utambi,
hesabu moja, mbili,
na siku ile tatu iliwahi kufika.
La kulia lilifuata mwaka wa pili yake.
Vidole viwili pia, ila hivyo havitaji.
Tulikuwa watoto sita na mchele umepanda bei.
Samaki walielea matumbo juu, weupe,
kama karatasi uwanjani baada ya uchaguzi.
Tuliwala. Sitakuficha, walikuwa watamu.

Kura ya kuufunga mwamba ilipigwa kanisani,
thelathini na moja kwa ishirini na tisa.
Baba alikuwa wa wale ishirini na tisa.
Akavuka boya mara mbili.
Mara ya pili aliyemshtaki ni mama,
na faini tukailipa kwa nguruwe wetu.
Mwezi mzima walilala wamepeana migongo.

Sasa analinda yeye, usiku, kwa tochi.
Na kila jioni nikitoka majini, nywele zinadondoka,
ananisugulia kidole gumba kwenye shahada
karibu na sikio lisilosikia:
bado unakaanga?

Mwaka juzi maji yalipata homa.
Joto halikati stakabadhi, halioni boya.
Matumbawe yakawa meupe, meupe pe,
na wageni wakapiga picha, wakasema, mazuri!
Sikuwa na moyo wa kuwaambia.
Nilizama upande wa kaskazini: kimya.
Nikazama tena.
Kimya kile, ukikisikia, unatamani hata baruti.
Kusini, chini ya ukingo, penye kivuli,
tik.
Nikangoja hadi kifua kikawaka.
Tik.

Baba alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, na viatu vyake.
Nikamwonyesha shahada na gumba,
kati yake upenyo wa punje ya mchele.
Akautazama kwa muda.
Kisha akaenda kukaza kamba ya boya
iliyokuwa imekazwa tayari.

Kwa hiyo ukitoka, kabla hujavua miwani,
pitia kwake. Usiseme kitu.
Sugua vidole, hivi.
Atataka umwonyeshe ni upande gani.

Chenji yako hii hapa.
Mapezi, namba ngapi?